Wimbo wa Meza ya Dirishani

Mwaka nilioanza kazi ni mwaka wa ugali wa njano. Wenye umri wangu wanaujua. Mvua iligoma, mahindi yakakauka, ukaja unga wa msaada kwa meli, wa njano kama kiini cha yai, watu wakaupa jina la timu ya mpira yenye rangi hiyo. Kwetu Masama migomba ilikuwepo, njaa haikutuua, lakini ilikuwa ndizi bila chumvi na bila mafuta, asubuhi ndizi, jioni ndizi, mpaka mimi na ng'ombe wetu tukawa tunatazamana kwa huruma kwa sababu tunakula mmea mmoja. Sukari tuliisikia kwa jina. Mwaka huo ndio nilioteremka Moshi mjini kutafuta kazi ya kuchambua kahawa. Nilikuwa na darasa la nne, mikono miwili na hamu ya chumvi.

Neema wa mashine ya pili ndiye aliyeniambia, "Bibi Haikaeli, kama hutaki kuimba, basi andika." Haya, naandika. Siku ile ya kuniaga mliniomba wimbo mmoja, mkatoa simu zenu, nikakataa, mkanuna. Nilisikia mmoja akisema bibi ana maringo. Maringo ninayo. Nina wajukuu wamejaa uwanja, mmoja anawapandisha wageni mlimani, mwingine nesi, na wote wana meno yao. Lakini sikukataa kwa maringo. Vyeo na mishahara sitaandika, vilikuwa vidogo, havitajaza hata mstari. Nitaandika jinsi wimbo ule ulivyokuja kwetu, na kwa nini siwezi kuwapa kama mlivyoutaka.

Ukumbi wa kuchambulia mnaouona leo umejaa mabomba na nyaya, zamani ulikuwa mtupu na mrefu kama kanisa, ila kanisa la vumbi. Meza ndefu, wanawake pande zote mbili, khanga kichwani, wengine wameifunga na puani. Kahawa inamwagwa katikati, kila mmoja anajivutia fungu lake. Unatoa nyeusi, unatoa zilizovunjika, unatoa zilizotobolewa na wadudu, nzuri unaziacha. Kazi ni hiyo tu. Ukiisikia unacheka. Ifanye mpaka adhuhuri, shingo iwe gogo, halafu uje tucheke wote.

Niliwekwa meza ya dirishani, karibu na mama mmoja mwembamba mwenye pengo la jino la mbele. Jina lake Genoveva, Mkatoliki wa Rombo. Alinitazama nikidonoa punje mojamoja kama kuku, akanipiga kikofi cha mkono.

"We mtoto wa Masama, unachambua au unaomba ruhusa?"

"Nachambua, mama."

"Usizitafute mbovu. Tandaza, tazama zote kwa pamoja. Mbovu itajitokeza yenyewe, kama mlevi kanisani."

Na kweli. Mpaka leo nikitazama wali, maharage, hata watu, natazama hivyo.

Wakati wa kula akaniuliza nimeleta wimbo gani. Nilidhani ni utani wa kuwapima wageni. Haukuwa utani. Meza ya dirishani ilikuwa na ada yake: mgeni lazima alete wimbo ambao meza haina. Nyimbo za kitabu cha kanisa hazikuhesabiwa, maana kila mtu alikuwa nazo, sisi Walutheri kwa sauti nne na Wakatoliki kwa namna yao. Walitaka kitu cha nyumbani kwenu. Ukikosa, unakaa, hakuna anayekufukuza, lakini ugali wako unakula umegeukia ukuta.

Nilikwenda kulala kwa shangazi yangu nikiwaza. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, nyimbo za zamani aliziita za gizani, hazikuvuka mlango wetu. Nikakumbuka mama alikuwa na kawimbo ka kukata majani ya ng'ombe, alikaimba korongoni na mundu mkononi, akidhani hasikiwi. Mstari mmoja tu, unarudiwarudiwa. Kesho yake nikawaimbia huku nimeinamia kahawa kwa aibu.

Walicheka, sitawadanganya. Mwanaidi wa Chekereni alisema, "Ndiyo umeisha? Mbona huo ni mkia, ng'ombe mwenyewe yuko wapi?" Meza ikaangua kicheko. Genoveva hakucheka. Aliurudia kwa sauti ndogo, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akaniambia niuimbe tena, na yeye akaweka sauti nyingine chini yake. Wanangu, sijui kama mmewahi kuona kitu cha kwenu, kilekile mlichokionea aibu, kimevishwa nguo ya sikukuu mbele ya watu. Kabla ya kengele ya jioni meza nzima ilikuwa inakata majani ya mama yangu. Nilirudi kwa shangazi natembea kama nimepewa shamba.

Baada ya hapo kila Jumatatu ilikuwa sikukuu. Mwisho wa juma watu walikwenda kwao, kwenye harusi, ubatizo, misiba, na Jumatatu kila mmoja anaulizwa, "Umerudi na nini?" Hatukuuliza ndizi wala maziwa. Mwanaidi alituletea wimbo wa kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga, una kelele katikati, "Hooo!", na mara ya kwanza tulipoipiga hiyo kelele wote kwa pamoja, msimamizi wetu Mzee Ananieli aliangusha kofia ndani ya gunia. Jirani yake Mwanaidi alikuwa na redio, betri zikichoka anazianika juani zipate nguvu, kwa hiyo nyimbo za dansi zilitufikia nusunusu, mpaka betri zilipokatikia. Mwisho wake tulijitungia wenyewe. Miaka mingi baadaye nilisikia wimbo mmoja kati ya hizo, mwanzo mpaka mwisho, na nawaambia, wetu ulikuwa bora.

Wimbo mgeni una tabia yake. Kwanza mdomo hauutaki, kama chakula cha ugenini. Unaondoka nao kazini, unaupoteza njiani, unakasirika, halafu asubuhi unaukuta umekaa kwenye ndoo ya maji unakungoja. Hapo ndipo umekuwa wako. Furaha ile sijaipata mahali pengine, na nimezaa watoto watano.

Jambo moja la kazi, mlielewe, maana lina maana mbele. Mikono hufuata mdomo. Meza ikiimba haraka, kahawa inakwenda haraka. Mzee Ananieli alilijua, alipita nyuma yetu akisema, "Akina mama, chemsheni, chemsheni." Fungu likija bovu tuliimba nzito, macho yapate nafasi. Likija safi, tunakimbiza. Kwa hiyo kila wimbo ulioletwa pale, hata ukija unatambaa, tuliufundisha mbio. Hatukuuliza kama unataka.

Genoveva alikuwa na binti, Sesilia. Sisi hatukuwahi kumwona, alilelewa na bibi yake kule Rombo wakati mama yake amepanga chumba mjini. Tulimjua kwa habari: Sesilia kaanguka mtini, Sesilia kakimbizana na mbuzi wa padri, Sesilia kapasua sketi ya shule siku aliyopewa. Kisha surua ikamchukua. Genoveva alikwenda kuzika, akarudi, akakaa mahali pake akavuta fungu lake. Tulimpa pole, akaitikia. Hakulia. Wakati ule kulia mezani ilikuwa matatizo, chozi likidondokea kahawa Mzee Ananieli anasema unailowesha.

Miezi ilipita. Jumatatu moja tukamuuliza kama tulivyouliza kila mtu, "Mama Genoveva, umerudi na nini?" Akaanza kuimba kitu cha Kirombo, polepole, sauti inashuka, inasimama, inashuka tena.

Hapo mjue, Kichagga si kimoja. Mimi wa Masama nikimsikia Mrombo anaongea na mama yake, nashika neno hapa, neno pale, mengine ni kama mvua juu ya bati. Pale mezani Mrombo alikuwa yeye peke yake. Tulishika sauti, maneno tuliyabeba kama mizigo ya mtu mwingine, imefungwa. Mwanaidi alimuuliza, "Ni wimbo wa nini huu?" Genoveva akasema, "Wa njiani." Sawa, wa njiani. Fungu la siku ile lilikuwa safi, mikono inawasha, na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeukamata wimbo ule tukauvua viatu, tukaukimbiza. Makofi mezani, kahawa inarukaruka. Genoveva aliacha kuchambua. Aliinua kichwa akatutazama, midomo imeachama, lile pengo linaonekana. Kisha akaingia katikati yake na kuuongoza, kwa kasi kuliko sisi.

Tangu siku hiyo ukawa ndio wimbo wa meza. Meza nyingine zilijaribu kutuibia, hazikuuweza. Tuliuimba kwenye harusi zetu. Siku ya kumuaga binti yangu Aikande alipoolewa, Genoveva aliuongoza, akacheza mpaka kilemba kikaangukia kwenye sufuria ya mtori, akakikamua akakivaa tena.

Miaka ikapita, akafiwa tena kwao, mjukuu mdogo wa kaka yake. Meza ikanituma mimi niiwakilishe. Nilifika Rombo asubuhi, nikaingizwa ndani walikokaa wanawake, chini, miguu imenyooshwa. Bikizee mmoja akaanzisha wimbo. Nikausikia. Sauti inashuka, inasimama, inashuka tena. Nikafurahi! Wimbo wetu! Mdomo ukaufungukia wenyewe, na mikono, kwa mazoea ya miaka yote ile, ikaanza kupiga makofi ya mbio. Ndani ya nyumba yenye jeneza dogo.

Bikizee yule hakunigombeza. Alinishika viganja vyote viwili akavibana katikati ya vyake, akaendelea kuimba, polepole, ananitazama usoni mpaka ulipokwisha. Nilitamani sakafu ifunguke.

Tulipotoka makaburini nilimvuta Genoveva kando, kwenye masale yaliyopandwa mpakani.

"Mama, ule ni wimbo wa kuzikia watoto?"

"Ndiyo."

"Tumeucheza kwenye harusi! Tumeuchezea mtori! Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeacha."

"Bila shaka tungeacha!"

"Ndiyo maana sikusema." Akachuma jani la sale akawa analikunjakunja. "Unajua maneno yake? Unamwambia mtoto, nenda polepole mwanangu, njia ina umande, mama yuko nyuma. Niliuimba siku ya Sesilia na moyo ukawa unakataa. Polepole! Haikaeli, yule mtoto hakuwahi kwenda polepole hata chooni. Wimbo ulikuwa unamzika mtoto wa mtu mwingine. Nikaja nao pale mezani kwa sababu mliuliza, na sikuwa na mwingine. Nanyi bila kujua lolote mkaukimbiza. Nikainua kichwa nikamwona anatoka mbio, na sketi imepasuka." Akalitupa lile jani. "Kila siku mnanikimbizia. Sasa ukienda kuwaambia wale wa mezani, watamwonea huruma, watapunguza. Usiwaambie."

Sikuwaambia. Meza ile imekwisha, wengine wamelala makaburini, Mwanaidi juzijuzi tu. Nimebaki mimi, kwa hiyo hata siri ikitoka, hakuna tena wa kumpunguzia Sesilia mwendo.

Kisha ikaja mashine ya kuchambua, yenye jicho. Sikatai, inaziona punje nyeusi kuliko sisi, haikohoi, haijawahi kuomba ruhusa ya msiba. Lakini ina kelele ambayo ukifungua kinywa unasikia taya zako tu. Meza zikatolewa moja baada ya nyingine. Sisi wachache tulibaki kurudia zile ambazo jicho limeziacha, na kwa wiki ya kwanza tulijaribu kuimba. Kila mmoja alikuwa anaimba peke yake bila kujua mwenzake yuko wapi. Tukaacha. Sikumbuki siku tuliyoacha, na hilo linaniuma, maana siku kama hiyo ilistahili hata uji.

Genoveva alikuwa ameshastaafu amerudi Rombo. Nilikwenda kumwona alipougua. Alikuwa amebaki mifupa na lile pengo. Aliniambia nimwimbie. Niko peke yangu, sina meza, sauti imekwisha, lakini niligonga ubao wa kitanda kama tulivyogonga mbao zetu na nikaukimbiza. Katikati pumzi ilinikata nikalegeza kidogo. Akafumbua jicho moja.

"Unamchelewesha nani?"

Nikakaza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Msidhani nawachukia ninyi na vile vidude vyenu vya masikioni. Mwanzoni niliona ajabu, ukumbi umejaa wasichana, kila mmoja ana wimbo wake kama ana ugonjwa wa siri. Halafu siku moja, wakati wa chai, Neema alikitoa kimoja akanipachika sikioni, kingine kabaki nacho, tukakaa vichwa vimegusana kama mbuzi wawili. Maneno sikuyaelewa, ngoma ilikuwa inagonga kwenye ufizi. Nikamwambia, "Rudisha mwanzo." Akarudisha. Mara ya tatu nikaanza kuitikia na chai ikapoa. Neema, hukujua ulichonifanyia. Nilikuwa na miaka mingi sijaulizwa wala sijauliza, umerudi na nini.

Tuje siku ya kuniaga. Pilau lilikuwa zuri, chumvi ilitosha. Mlinipa blanketi na kitenge, mkasema bibi aimbe ule wimbo wa zamani ninaounong'ona nikiokota mbovu mashine zikizimwa. Oliva, aliyeanza kazi mwaka huu, Mrombo, akasimama akanishikashika mkono.

"Bibi, samahani. Ule wimbo mimi naujua. Bibi yangu alikuwa nao, amefariki nao. Kwetu ni wa msiba, unaimbwa polepole. Wewe unauimba haraka, unaukosea. Tuimbie polepole tuurekodi, usije ukapotea."

Na simu zote zikainuka. Nilimwona Oliva usoni, alikuwa anautaka kwa njaa, si kwa mchezo. Nikawaambia:

"Polepole siuimbi. Nipigeni, nifungeni, polepole siuimbi."

Mkanuna, tukala keki.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani natandaza maharage kwenye ungo, nikasikia hodi. Oliva, amepanda kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na simu au umekuja na mikono?"

"Vyote, bibi."

"Simu weka kwenye kiroba pale. Mikono ilete hapa."

Akaketi. Alikuwa anadonoa mbovu mojamoja, nikampiga kikofi. Nikaanzisha wimbo, nikamwambia aitikie. Alianza kuuvuta nyuma, polepole, kama alivyofundishwa na bibi yake, mimi navuta mbele, tukawa kama watu wawili na ng'ombe mmoja. Mara ya tatu mikono yake ikashika, mdomo ukafuata. Na yeye ana maneno, jamani, maneno ninayoyabeba nimefunga macho miaka yote, yeye anayasema yamefunguka. Maharage yaliruka mpaka kuku wakashukuru. Tulipomaliza alikuwa anahema na kucheka.

Hapo nikamweleza habari za Sesilia, kama nilivyowaeleza ninyi. Alichukua maharage akayaachia yateleze vidoleni.

"Bibi, nimeelewa. Lakini bibi yangu aliuimba polepole, na sauti yake nimeanza kuisahau. Wewe ndiye pekee niliyemkuta anaujua. Mara moja tu. Simu naiacha kwenye kiroba. Nimsikie yeye, basi."

Wanangu, nusura. Mdomo niliufungua. Najua kumtamani mtu mpaka uutafute mdomo wake kwenye mdomo wa mwingine. Mimi mwenyewe kila nikiokota punje mbovu nangoja kikofi. Nilimshika mkono nikamwambia, mwanangu, wa bibi yako uko Rombo, wako wazee watatu, wanne, wanaoweza kukuimbia, panda gari uende kabla nao hawajalala makaburini. Mtoto wa wimbo wa polepole wakae naye hao. Huyu wa kwangu mama yake alinikabidhi akiwa katika mbio, na siku nikipunguza mara moja tu, hata kwa huruma, ameshazikwa, na mimi ndiye niliyemzika. Akasema, "Hata kidogo, bibi?" Nikamjibu vilevile nilivyowajibu ninyi, ingawa alikuwa mmoja:

"Polepole siuimbi. Nipigeni, nifungeni, polepole siuimbi."